Fundi wa Dromilly Avenue

Ukitaja Jamaika pale Mugumu, kila mtu atakutajia Bob Marley. Sura yake iko kwenye bodaboda, kwenye milango ya vinyozi, hata kwenye fulana za wazee ambao hawajawahi kusikiliza wimbo wake mmoja mpaka mwisho. Nilikua nikiamini kwamba kisiwa kile kina mtu mmoja tu. Jina la pili sikulipata maktaba. Nililipata kwenye kibanda cha baba mdogo, ambaye ni fundi redio karibu na stendi.

Ilikuwa likizo ndefu baada ya mwaka wangu wa kwanza. Dereva mmoja wa lori alileta amplifaya iliyoungua transfoma, akaacha na flashi yake ili tupate cha kujaribia. Tulipomaliza kuisuka ile transfoma tukachomeka flashi. Wimbo ukaanza vizuri, mwimbaji akaimba mistari miwili, halafu sauti yake ikakatika kama imekatwa na kisu. Likabaki besi na ngoma. Gitaa likachungulia mara moja, likaondoka likiacha mwangwi unaojirudia, kama mtu anayeita ng'ombe kwenye bonde. Baba mdogo akazima. Akaangalia nyaya za spika, akachomelea upya sehemu aliyoona imelegea, akawasha. Ikakatika palepale. Akazima tena, akafungua mfuniko. Mara ya tatu ndipo alipoanza kucheka. Akasema mashine ni nzima, ila kuna mtu kwenye huo wimbo anafanya makusudi, na mtu huyo lazima awe fundi.

Niliporudi chuo nikatafuta jina la faili lililokuwa kwenye ile flashi. Baba mdogo alikuwa sahihi. Mtu aliyekuwa anakata na kurudisha zile sauti alikuwa fundi redio, na nusu ya muziki tunaouchezea kwenye sherehe za chuo umepita mikononi mwake kwa njia moja au nyingine. Nimeamua kuandika maisha yake hapa kwa sababu sijakutana na mwanachuo anayemfahamu, na pia kwa sababu nyingine ambayo nitaifikia.

Jina lake la kuzaliwa ni Osbourne Ruddock. Dunia inamjua kama King Tubby. Alizaliwa Kingston, mji mkuu wa Jamaika, tarehe 28 Januari 1941. Hakuwa mwimbaji, hakuongoza bendi, na hakujulikana kwa kupiga ala yoyote. Alikuwa mtu wa nyaya, msafi wa mavazi, asiyependa fujo, ambaye nyumbani kwake alipenda kusikiliza jazi.

Jamaika aliyozaliwa bado ilikuwa chini ya Waingereza, walioiteka kutoka kwa Wahispania mwaka 1655 na kuijaza mashamba ya miwa yaliyolimwa na Waafrika waliochukuliwa utumwani. Utumwa ulikoma kabisa mwaka 1838, lakini ardhi na fedha zilibaki kwa walewale. Uhuru ulikuja tarehe 6 Agosti 1962, miezi minane hivi baada ya Tanganyika kupata wake. Kwa hiyo Tubby alikuwa kijana wa miaka 21 bendera mpya ilipopanda. Alikuwa na ufundi mkononi, na aliishi Waterhouse, mtaa wa watu wa kipato cha chini upande wa magharibi wa Kingston, kwenye nyumba ya mama yake katika barabara ya Dromilly.

Ili umwelewe Tubby, inabidi kwanza uelewe jinsi watu wa Kingston walivyokuwa wanacheza muziki. Kuanzia miaka ya 1950, mtu wa kawaida hakuwa na hela ya kuingia hotelini kuona bendi, na wengi hawakuwa na redio nyumbani. Hivyo mfanyabiashara mmoja, mara nyingi mwenye duka la pombe, alinunua amplifaya, akachongesha spika kubwa kama kabati la nguo, akaziweka kwenye uwanja wa wazi na kucheza santuri mpaka usiku wa manane. Kiingilio kidogo, bia nyingi. Sisi tungesema mtu ana mziki. Kwetu Mugumu mpaka leo harusi haijaiva kama mziki wa kukodi haujafika, na watu wanajua kabisa ni mziki wa nani unaopiga na ni wa nani unaokoroma. Kingston ilikuwa hivyohivyo, ila wao walifika mbali zaidi. Wenye mziki wawili walikuwa wanapambanishwa uwanja mmoja usiku mmoja, na aliyeshindwa alijua ameshindwa kwa kuangalia watu wamehamia upande gani.

Sasa amplifaya inayokoromeshwa usiku kucha kwenye joto la pwani haidumu. Transfoma zinaungua, spika zinapasuka, risasi ya kuchomelea inaachia. Hapo ndipo Tubby alipopata ugali wake. Alikuwa amesomea elektroniki, na kwenye karakana yake alirekebisha redio, alisuka transfoma na kutengeneza amplifaya za wenye mziki. Kila mziki mkubwa wa mji ulihitaji mtu wa namna hiyo. Kwa sababu yeye ndiye aliyezifungua mashine za watu wote, alijua siri ambayo wenye mziki wenyewe hawakuijua: kwa nini huyu besi yake inavuma vizuri, na kwa nini yule sauti zake za juu zinaumiza masikio.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaunda mziki wake mwenyewe, Home Town Hi-Fi. Haukuwa mkubwa kuliko wote, lakini ulikuwa msafi kuliko wote. Alitenganisha sauti nzito na sauti nyembamba, kila moja ikaenda kwenye spika zake. Akafunga vifaa vya mwangwi ambavyo wengine walidhani ni vya studio tu. Kwenye maikrofoni alikuwepo kijana aliyeitwa U-Roy, kazi yake ikiwa kuongea kwa mahadhi juu ya santuri, kuwachangamsha watu. Mwaka 1970 U-Roy alitoa nyimbo zilizoshika nafasi za juu kabisa za chati ya Jamaika, na mtindo ule wa kughani juu ya muziki wa mtu mwingine ukawa taaluma kamili.

Lakini ili U-Roy apate nafasi ya kuongea, lazima mwimbaji anyamaze. Nani alimnyamazisha mwimbaji? Inasimuliwa kwamba ilianza kama kosa. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1960, mwenye mziki mmoja wa mji wa Spanish Town, Ruddy Redwood, alikwenda kukatiwa santuri ya majaribio kwenye studio ya Duke Reid. Fundi akasahau kuingiza sauti ya mwimbaji, ikabaki ala tupu. Redwood hakuirudisha. Alikwenda nayo uwanjani, akapiga kwanza wimbo wenye maneno, kisha ule usio na maneno. Watu wakauimba wenyewe, uwanja mzima. Baada ya hapo santuri nyingi za Jamaika zikawa na upande wa pili usio na mwimbaji, ukaitwa vashoni.

Tubby alikuwa ndani ya mambo hayo kwa sababu naye alimfanyia kazi Duke Reid ya kukata santuri. Alipopewa kanda akate ala tupu, aligundua jambo ambalo nadhani fundi tu ndiye angeligundua. Wimbo uliorekodiwa ni vipande vilivyolala sambamba, kila kimoja kwenye njia yake: ngoma na besi hapa, gitaa na kinanda pale, sauti kule. Ni kama saketi. Ukifunga swichi hii, taa ile inazimika. Tena unaweza kuifungua na kuifunga wakati umeme unapita, kwa mkono, kwa mdundo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa mtayarishaji Bunny Lee, alinunua miksa ya njia nne ambayo studio kubwa ya Dynamic Sounds ilikuwa inaiacha ili iweke mpya. Akaifunga kwenye chumba kimoja cha nyumba ya Dromilly. Chumba kilikuwa kidogo mno kuweza kuchukua bendi, kwa hiyo bendi haikuwahi kurekodi pale. Watayarishaji walirekodi kwingine, wakaleta kanda kwa Tubby azimalizie. Waimbaji walioletwa kuingiza sauti walisimama bafuni, kwa sababu bafu ndilo lililogeuzwa kuwa chumba cha sauti. Bafu hilo limepitiwa na waimbaji wengi wakubwa wa rege wa miaka hiyo.

Pale ndipo muziki unaoitwa dabu ulipokomaa. Tubby si peke yake aliyeufanya. Lee Perry na wengine walikuwa kwenye njia hiyohiyo, na mwaka 1973 wawili hao walishirikiana kwenye albamu ya Blackboard Jungle Dub. Lakini hakuna aliyeifahamu mashine yake kama Tubby. Miksa ile ilikuwa na kitufe kikubwa cha kuchuja sauti nzito hatua kwa hatua. Injinia wa kawaida angekigusa mara moja kurekebisha kasoro, basi. Tubby alikizungusha wimbo ukiwa unaenda, ngoma ikageuka kuwa mlio mwembamba kama wa nyoka, kisha ghafla akairudisha besi yote na kifua chako kikatikisika. Kifaa cha mwangwi cha springi alikipiga kwa makusudi, springi zikagongana, ukasikika mshindo kama radi. Vifaa vingine alivirekebisha mwenyewe, kwa kuwa alivyovitaka havikuuzwa dukani.

Hebu msomaji fanya jaribio hili. Siku yoyote ukiwa kwenye sherehe, subiri wakati ambapo DJ anaondoa besi, watu wanainua mikono, sekunde zinapita, halafu besi inarudi na ukumbi unaripuka. Kitendo hicho cha kuondoa ili watu watamani, kisha kurudisha, Tubby alikuwa anakifanya kwenye chumba cha mama yake zaidi ya miaka 50 iliyopita. Wenzake walikuwa wanashindana kuongeza: ala zaidi, waimbaji zaidi. Yeye aliuliza kitu gani kikitoka wimbo bado utasimama.

Kazi yake inayotajwa zaidi ni King Tubbys Meets Rockers Uptown, wimbo uliotoka katikati ya miaka ya 1970 na kuipa jina albamu ya mwaka 1976. Mwenye albamu ni Augustus Pablo, kijana mwembamba aliyepiga melodika, kale ka kinanda ka kupuliza ambako nchi nyingine wanafundishia watoto muziki shuleni. Ndiyo iliyokuwa kwenye flashi ya dereva wa lori.

Hapa lazima niseme na upande wa pili, maana tukiandika maisha ya watu kwenye gazeti hili tuna tabia ya kuwafanya wote malaika. Dabu ilijengwa juu ya jasho la wanamuziki waliolipwa mara moja tu, siku ya kurekodi. Mpiga besi alilipwa kwa kikao, akaenda zake. Baada ya hapo kanda yake ilizaa vashoni ya kwanza, ya pili, ya kumi, kila moja ikauzwa, na mara nyingi yeye hakuona hata senti. Mwenye kanda alikuwa mtayarishaji. Tubby mwenyewe alilipwa kwa kazi ya kuchanganya, na jina lake likawekwa kwenye majalada mengi ya santuri, nyingine zikiwa zimechanganywa na vijana wake. Sijui nimpe kesi nani. Naona kwamba ubunifu wa kuchukua cha mwenzako na kukigeuza umezaa uzuri mwingi duniani, na umeacha madeni mengi vilevile. Sisi tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na tuna COSOTA, lakini waulize watengenezaji biti waliopo hapahapa chuoni nani kati yao ameandikiana mkataba na msanii wake. Jibu mnalo.

Vijana wake nao wana habari yao. Chumba cha Dromilly kilikuwa karakana na studio kwa pamoja. Lloyd James, aliyeitwa Prince Jammy, alikuwa fundi wa mtaani kabla ya kukaa kwenye miksa. Hopeton Brown alikuja akiwa kijana mdogo sana, akitafuta transfoma za amplifaya zake, akaishia kuchanganya nyimbo na kupewa jina la Scientist. Hakuna aliyeombwa cheti. Aliyeweza kutengeneza kifaa ndiye aliyeruhusiwa kukigusa.

Wakati huohuo Wajamaika walikuwa wanahama. Waafrika waliopelekwa visiwani kwa nguvu walikuwa na wajukuu ambao sasa walikuwa wanasafiri mara ya pili, safari hii kutafuta kazi. Kuanzia mwaka 1948 walikwenda Uingereza kwa maelfu, na kwa kuwa kumbi nyingi za London hazikuwataka, walifunga spika zao kwenye vyumba vya chini vya nyumba na kwenye kumbi za kukodi. Watoto wao, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walichukua ngoma za kasi kutoka kwenye kompyuta wakaziweka juu ya besi nzito na tulivu ya dabu, ukazaliwa muziki wa Jungle. Hata desturi ya kukatiwa santuri ya nakala moja, ambayo DJ wako pekee ndiye anayo, ilihama nayo kutoka Kingston.

Wengine walikwenda Marekani. Clive Campbell aliondoka Kingston mwaka 1967 akiwa na miaka 12, akaenda kuishi Bronx, New York. Tarehe 11 Agosti 1973 alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake, katika jengo lenye namba 1520 barabara ya Sedgwick, akiwa na spika kubwa za Kijamaika na tabia ya Kijamaika ya kuongea kwenye maikrofoni. Dunia inamwita Kool Herc, na sherehe ile inahesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa hip hop.

Sitaki kusema kila kitu kimetoka kwa Tubby, huo ungekuwa uongo. Muziki wa hausi ulikuzwa na DJ Frankie Knuckles pale Chicago kwenye klabu ya Warehouse, kuanzia mwaka 1977, na tekno ilitoka kwa vijana weusi wa Detroit waliokulia kwenye vivuli vya viwanda vya magari. Mizizi yao ni disko na funk zaidi kuliko rege. Ila ukiwaweka pamoja utaona ndugu wa ukoo mmoja: watu weusi, miji migumu, mashine za mitumba au za bei rahisi, na fundi anayezitumia kinyume na kitabu cha maelekezo.

Kitu hichohicho kiko hapa kwetu. Mwaka 1985 Prince Jammy, akiwa sasa na studio yake hapohapo Waterhouse, alitoa Under Mi Sleng Teng ya Wayne Smith. Biti ya wimbo ule ilitoka kwenye kinanda kidogo cha Casio MT-40, mdundo uliokuja nao kutoka kiwandani Japani, uliotengenezwa na mwanamama Hiroko Okuda. Rege ikahama kutoka kwenye bendi ikaingia kwenye mashine, na wapiga ala wengi wakakosa kazi. Dar es Salaam nako, vijana wa uswahilini walichukua vinanda vidogo vya Casio, wakavipitisha kwenye amplifaya chakavu, wakatoa mchiriku. Kikundi cha Jagwa Music kimeupeleka mpaka Ulaya. Kisha ikaja singeli, iliyokuzwa kwenye vigodoro kwa vipande vya taarabu vilivyozungushwa na kukimbizwa mpaka mapigo yanapita 200 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kazi za studio ya Sisso ya Dar, na Ulaya wakaanza kuwaita vijana wetu kwenye matamasha yao. Sisemi singeli ni mtoto wa dabu. Nasema aliyeitengeneza singeli na aliyeitengeneza dabu wangekutana wangeelewana bila mkalimani.

Tubby mwenyewe hakukaa nyuma zama za mashine zilipofika. Katikati ya miaka ya 1980 alijenga studio mpya, kubwa kuliko chumba cha bafu, ambayo sasa ingeweza kurekodi muziki kuanzia mwanzo. Akaanzisha na lebo zake. Wimbo wa Tempo wa Anthony Red Rose, wa mwaka 1985, ulitoka kwake, na unaonyesha kwamba hata kwenye biti ya kompyuta mzee alikuwa bado anajua kuacha nafasi tupu.

Usiku wa tarehe 6 Februari 1989, akitoka kazini studio, alifika nyumbani kwake mtaa wa Duhaney Park. Akapigwa risasi nje ya nyumba yake. Aliyemuua aliondoka na bastola yake, fedha na mkufu. Alikuwa na miaka 48, na hakuna aliyewahi kutiwa hatiani. Mtu aliyetengeneza milio ya radi kwa springi, akaifanya Kingston iringe mbele ya dunia, alikufa kwa jambazi wa mlangoni kama wanavyokufa watu wengi wa mitaa ile.

Sasa nirudi kwenye ile sababu nyingine. Mimi nasoma uhandisi wa elektroniki. Mwaka wa kwanza nilipata sapu ya somo la saketi, na sikumwambia mtu chuoni aliyenifundisha mpaka nikapita. Ni baba mdogo, aliyeishia darasa la saba. Alinifungulia redio ya mkulima, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi kile nilichokikariri kwenye madesa bila kukielewa. Nilipopita niliona aibu kusema. Marafiki waliponiuliza nyumbani wanafanya nini, nilisema baba mdogo ni mfanyabiashara.

Siku hizi meza yake haina kazi. Watu wananunua spika ndogo za bluetooth, zikifa wanazitupa, kwa sababu spea hazipo na mpya ni bei ya chakula cha siku chache. Wenye mziki wa harusi bado wanakuja, lakini si wa kulisha familia. Likizo iliyopita aliniuliza kwa utulivu kama auze kibanda kwa mtu anayetaka kuweka uwakala wa fedha za simu. Aliniuliza mimi kwa sababu ndiye msomi wa nyumba. Nilinyamaza. Kisha yeye akaniuliza kama kwenye miaka yote mitatu ya chuo tumewahi kusuka transfoma hata moja. Nikasema hapana, tunapiga hesabu zake. Akatikisa kichwa, bila dharau, kama mtu anayemsikitikia mgonjwa.

Nimeshasoma watu wakisema Afrika haina wataalamu wa sauti, na kwamba vifaa vyote lazima vitoke nje pamoja na mtu wa kuvifunga. Kingston ya mwaka 1970 haikuwa mji tajiri. Ilichokuwa nacho ni fundi aliyeachiwa achezee mashine, na mtaa uliokuja kusikiliza alichopata. Sisi mafundi tunao. Tunawapita kila siku tukienda stendi, tukiwaona kama watu walioshindwa shule.

Nimempigia simu nikamwomba asiuze mpaka nimalize mwaka wa nne. Hakuahidi. Alisema waya mwembamba wa kusukia umemwishia na Musoma hawana saizi yake. Nimeupata Kariakoo, kilo moja na nusu, uko chini ya kitanda changu hosteli. Basi likifika Mugumu nitaanza na huo, halafu nitampa ile albamu yote, si wimbo mmoja, tuone atashika waya gani kwanza.